Barua ya wazi: Jozani ni msitu mdogo, punguzeni mwendo

Kwa Waheshimiwa mlioshika dhamana ya misitu, utalii na barabara,
Zanzibar.

YAH: MWENDO WA GARI NA MWENDO WA WAGENI KATIKA HIFADHI YA JOZANI

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum. Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, mkaazi wa Mjini Unguja. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi Jozani, zamani kwa gari ya skuli, na sasa kwa daladala ya Makunduchi pamoja na wajukuu zangu na watoto wa mtaani kwetu. Barua hii nimeichelewesha makusudi, maana nilitaka kwanza nipite milangoni kama inavyotakiwa. Nimeandika mara mbili, na mara ya tatu nimekwenda mwenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliambiwa imepelekwa ofisi nyingine. Siku niliyokwenda nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kisha nikaambiwa mhusika yuko safarini. Ofisi siitaji, wala mtu simtaji, kwani sikusudii kumvunjia yeyote heshima. Lakini jambo lenyewe siwezi kulikalia kimya tena.

Nianze na asubuhi moja ya Agosti. Tuliteremka daladala karibu na lango la hifadhi, mimi na watoto saba. Kabla hatujavuka, watoto wakawaona kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, kwenye miti ya kando ya barabara, kundi zima, wanashuka ili wavuke upande wa pili. Dume moja lilitangulia, mkia juu, likavuka mbio. Wakafuata wengine watatu. Gari ya wageni ikaja kutoka upande wa mjini kuelekea pwani, na haikupunguza mwendo. Mtoto wa kima, aliyekuwa ameshaanza kukimbia mwenyewe lakini hajaijua barabara, alibaki pale pale kwenye lami. Gari haikusimama. Mama yake alirudi, akashuka mpaka ukingoni mwa lami, akakaa anamtazama. Kila gari ilipopita alipanda mtini, kisha akashuka tena. Mjukuu wangu wa miaka tisa alihesabu gari kumi na moja kabla ya mtumishi wa hifadhi kuja kumwondoa yule mdogo barabarani.

Namba ya gari sikuipata. Hata ningeipata nisingeiandika hapa, kwa sababu nimeipita barabara ile miaka mingi na najua kwamba shida haikuanza na dereva yule wala haitaisha naye.

Waheshimiwa, naomba tukumbushane ukubwa wa kitu tunachokizungumzia. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ina kilomita za mraba 50 hivi. Serengeti ina 14,763. Ukiichukua Serengeti ukaikata vipande vya ukubwa wa Jozani, utapata karibu vipande mia tatu. Na katika hizo kilomita 50, ule msitu mrefu ambao maji yamo chini tu ya mizizi yake ni sehemu ndogo. Kwengine kote ni vichaka vya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, na mikoko. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza eneo hili katika mtandao wake wa Hifadhi Hai, yaani maeneo ya kulinda viumbe pamoja na maisha ya watu. Dunia nzima imekubali kwamba hapa pana kitu. Msitu mkubwa huweza kumficha mnyama asiyetaka kusumbuliwa, akaenda zake ndani. Jozani hakuna ndani ya kwenda. Mnyama akitoka njiani mwa mgeni anafika barabarani, na akitoka barabarani anafika shambani kwa mtu. Kwa hiyo malalamiko yangu yote, ingawa nimeyapa namba, yana mzizi mmoja: tunapaendea kwa haraka mahali pasipostahimili haraka.

1. Mwendo wa gari barabarani.

Barabara ya kusini, inayokwenda Paje, Jambiani, Bwejuu na Makunduchi, inapita ubavuni mwa hifadhi. Hili halitabadilika, na sidai lami ing'olewe. Lakini mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba dawa ilishapatikana. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu vifo vya kima punju barabarani. Kabla ya matuta kuwekwa alikuwa akiuawa mmoja kila wiki mbili au tatu. Matuta yalipowekwa, ikawa mmoja kwa wiki sita hivi. Udongo na lami iliyoinuliwa kiasi cha shubiri iliokoa zaidi ya nusu. Sijui dawa nyingine ya rahisi namna hiyo katika kazi nzima ya kuhifadhi wanyama.

Sasa hebu tazameni gari zilivyokuwa wakati huo na zilivyo leo. Hoteli za pwani ya kusini zimeongezeka, gari za kukodi zimejaa, pikipiki za kukodisha wageni hazina idadi, na mgeni anayeendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza hajui kama mbele yake kuna kima. Dereva mwenyeji anajua, ila ameahidi kuwafikisha wageni wake hotelini kabla ya chakula cha mchana. Akishavuka tuta la mwisho anakanyaga mafuta kufidia muda, na pale anapokanyaga bado kima wanavuka. Kima hajui hifadhi inaishia wapi.

Wenzetu wa Diani, pwani ya Kenya, wana mbega wao na barabara yao ya hoteli. Wao wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara, kutoka mti huu hadi mti ule, na wanyama wanapita juu huku gari zinapita chini. Kamba, mbao na fundi wa kupanda mti vyote tunavyo hapa Unguja.

2. Umbali baina ya mgeni na kima.

Kima punju wa karibu na lango hawatuogopi. Wanakula majani kichwani mwako kana kwamba hupo. Hii ni neema, na ndiyo inayowaleta wageni kutoka kila pembe. Lakini mnyama asiyekimbia hawezi kujilinda na mtu, kwa hiyo inabidi mtu azuiwe. Nimeona mgeni akipeleka simu usoni mwa kima mpaka akakaribia kuigusa pua yake. Nimeona mwengine akichuchumaa mgongo kwa kima ili apigwe picha naye, huku anakohoa. Waongozaji wa hifadhi wenyewe, na hili nalisema kwa kuwashukuru, nimewasikia mara nyingi wakiwaomba wageni warudi nyuma. Anayewaharibia kazi ni yule mtembezaji aliyekuja na kundi lake kutoka nje, anayejua kwamba picha nzuri ndiyo itakayomletea bakshishi.

Kikohozi si jambo dogo. Nyani na kima wa jamii zote ni ndugu wa karibu na sisi kimwili, na maradhi yetu ya kifua huwaambukiza. Ndiyo maana kule Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mgeni haendi kumtazama sokwe bila ya barakoa. Wageni hawazidi sita kwa kundi, na wakishamwona sokwe hupewa saa moja tu. Bwindi, Uganda, kila kundi la sokwe-milima (gorila) hutazamwa na wageni wanane kwa siku, saa moja pia. Wageni hulipa fedha nyingi sana kwa saa hiyo moja, na hawalalamiki. Kima punju ni adimu kuliko wanavyodhani wengi: duniani kote anapatikana Unguja na visiwa vidogo vya ubavuni mwake tu, ukiacha wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Yeye hana wa akiba mahali pengine.

3. Msitu wenyewe haupewi nafasi.

Hapa mniwie radhi nikirefusha, kwa sababu ndipo panaponiuma zaidi.

Ziara nyingi za Jozani ni kiporo cha safari nyingine. Alfajiri mgeni hupelekwa Kizimkazi kuwafukuza pomboo, na wakati wa kurudi, jua likiwa utosini, gari husimama Jozani. Anawaona kima, anapiga picha, anapitishwa kwenye daraja la mbao la mikokoni, anarudi garini. Chini ya saa moja. Ameingia na ametoka, na akifika kwao atasema ameuona msitu.

Hajauona. Msitu wa Jozani unauona ukikaa kimya. Unaingia asubuhi, umande haujakauka, na hatua chache tu kutoka lami joto linashuka kama umeingia msikitini wakati wa kiangazi. Mitondoo imesimama mirefu, mizizi yake imetambaa juu kwa sababu chini hakuna pa kuzama; ni mwamba wa matumbawe na maji. Michikichi na mikadi imejaa baina yake. Wakati wa masika maji hupanda yakafunika njia, na watoto huvua viatu. Ukisubiri, unasikia majani makavu yanapasuka taratibu, na pengine, kwa bahati, ni paa nunga anayeokota maua na matunda yaliyoangushwa na kima. Mnyama huyo hayupo popote ila hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Katika miaka yangu yote nimemwona mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa tumekaa chini, tumenyamaza zaidi ya nusu saa. Ukibaki mpaka magharibi, pelele wa mitini anaanza kelele zake na komba wanaamka.

Na ile mikoko ya kijiji cha Pete, ambayo wageni huipita wakitazama saa zao! Maji yakiwa yamejaa unaona samaki wadogo baina ya mizizi. Yakitoka unaona kaa wanafungua milango yao. Maji hujaa kwa saa sita hivi na hutoka kwa saa sita nyingine, na mgeni amepewa dakika kumi. Mwanafunzi wangu mmoja alijifunza pale pale kuutenga mkoko na mkandaa na mchu kwa kutazama mizizi peke yake, na leo ni mtu mzima, anawafundisha wengine.

Sisemi kila mgeni akae siku nzima. Nasema ziara ipangwe kwa namna ambayo anayetaka kukaa ataweza, na anayekuja kwa haraka aelezwe kwamba alichokiona ni ukumbi, nyumba bado.

4. Watoto wetu.

Kuna mtoto wa Mjini aliyefika darasa la saba hajawahi kukanyaga Jozani, na ni kilomita 35 tu kutoka kwao. Mgeni aliyeruka bahari mbili amewahi. Nilipokuwa nafundisha jinsi makaa yanavyonyonya sumu, darasa zima lilinitazama tu. Siku nilipowapeleka Jozani, wakamwona kima ametoka na kipande cha mkaa mkononi anakitafuna, somo liliingia lenyewe. Kima punju hula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali za kumdhuru tumbo. Watafiti walieleza mwaka 1997 kwamba makaa huzishika kemikali hizo zisimwingie mwilini. Kima wanajifunza kwa mama zao. Kitabu gani cha sayansi kina mfano mzuri kama huo, tena wa nyumbani?

Lakini safari ile niliipanga kwa nguvu zangu, na karatasi ya majina ya miti kwa Kiswahili niliiandika kwa mkono, nikaitoa nakala kwa fedha yangu. Mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo hawezi kufanya hivyo kila muhula.

5. Wenye vijiji.

Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe, Chwaka na wenzao ndio waliokubali kuacha kukata kuni na miti ya kujengea ili msitu ubaki. Nilizungumza na mzee mmoja wa huko, akaniambia hana ugomvi na kima. Ugomvi wake ni kwamba hajui fedha za wageni zinagawanywaje. Zamani wakulima walilalamika kwamba kima wanamaliza nazi changa. Utafiti uliofanyika na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba minazi iliyoliwa vitale na kima haikupunguza mavuno, kwa sababu vitale vingi huanguka vyenyewe, na vikipunguzwa vinavyobaki hukua vizuri. Habari njema kama hiyo inafaa isomwe barazani, na hesabu za fedha zisomwe pamoja nayo.

Waheshimiwa, najua nitakayojibiwa, kwani mengine nimeshajibiwa kwa mdomo.

Nitaambiwa barabara si ya misitu na misitu si ya barabara. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu nyote kwa pamoja. Kima aliyekufa pale hakuuliza lami ni ya idara gani. Kaeni meza moja, hata kwa asubuhi moja.

Nitaambiwa hakuna fedha. Tuta si daraja la baharini. Kamba ya kuvukia si bandari. Na fedha zinazoingia kwa ajili ya kima, sehemu ya kwanza iende kumlinda kima.

Nitaambiwa masharti yatawafukuza wageni. Mahale na Bwindi masharti ni makali kuliko haya ninayoyaomba, na watu wanasubiri zamu. Mgeni akiambiwa kwa adabu kwamba hapa tunasimama mbali kwa sababu mnyama huyu hana pengine duniani, anajiona amepewa heshima ya kumwona.

Na kuna jibu moja ambalo ni gumu zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nitaambiwa kima wameongezeka. Ni kweli kwamba hesabu kamili iliyochapishwa miaka michache iliyopita ilipata zaidi ya kima punju 5,800, zaidi ya mara tatu ya waliokuwa wakidhaniwa. Nilifurahi siku niliyoisoma. Lakini hesabu ile haikusema wamezaliwa wengi zaidi. Ilisema tumehesabu vizuri zaidi. Jike huzaa mtoto mmoja, na hupita zaidi ya miaka miwili kabla ya kuzaa mwengine. Bado yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Jumla ya kima wote wa dunia ingekaa uwanja wa Amaan na viti vingi vingebaki vitupu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki.

Matuta yaliyopo yakaguliwe, yaliyochakaa yainuliwe, na mapya yaongezwe pale ambapo kima wanavuka sasa, si pale walipovuka miaka thelathini iliyopita. Waongozaji wa hifadhi wanajua kila mti wanaoshukia, waulizeni. Vibao viwekwe vyenye picha ya kima ili hata asiyesoma lugha zetu aelewe. Madaraja ya kamba yajaribiwe hata mawili, tuone. Haya yanaweza kufanyika kabla ya masika yajayo.

Kundi lolote lisiingie kwa kima bila mwongozaji wa hifadhi, na neno lake liwe juu ya neno la mtembezaji waliyekuja naye. Umbali uandikwe langoni na uchorwe chini ardhini ikibidi, mwenye mafua avae barakoa au abaki mikokoni, na mtembezaji anayewasukuma wageni wake mbele asimamishwe kibali kwa muda unaouma.

Iwepo ziara ya asubuhi, ya watu wachache, ya muda wa saa tatu, yenye bei yake. Atakayeilipia atapatikana.

Katika kila muhula zitengwe siku za skuli, usafiri upangwe na wizara badala ya mfuko wa mwalimu, na kiandikwe kijitabu kwa Kiswahili chenye majina ya miti na wanyama kama wanavyoyajua wazee wa Pete na Kitogani. Karatasi zangu za mkono natoa bure, na mimi mwenyewe nitakuja kusaidia nikiitwa.

Na kila miezi mitatu masheha wa vijiji hivyo wapewe hesabu ya mapato na mgao, ibandikwe ubaoni mahali watu wanapokaa.

Nakala za barua zangu mbili za mwanzo ninazo, zina mihuri ya kupokelewa, na nitazileta popote nitakapoambiwa. Nasubiri jibu la maandishi. Wakati nasubiri, likizo ijayo nitakwenda tena na watoto, Jumamosi ya kwanza. Yeyote kati yenu anayependa kuja nasi tutamkuta kituo cha daladala, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu kima huamka mapema na sisi tunapenda kufika gari bado chache.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Mjini Unguja